Vigae vya Samijo

Prawoto hakuwa mtu wa kutupa sentensi nzuri. Kwa miaka ishirini na mitatu aliandika hotuba za Bupati, mkuu wa wilaya, na katika miaka hiyo alihudumia wakuu wanne, kila mmoja na mdomo wake. Wa kwanza alipenda aya ndefu. Wa pili ulimi wake uligongana na kila neno refu. Wa tatu alikuwa mwepesi wa machozi, ikabidi aandikiwe na mahali pa kulia. Huyu wa nne alitaka kila hotuba iwe na kitu cha kuchekesha na kitu cha kuchoma.

Wilaya ina siku nyingi za kusema. Kuna kufungua daraja, kuozesha watoto wa wakubwa, kuaga mahujaji, kukabidhi kombe la voliboli, kuzika. Mtu mmoja hawezi kubuni maneno mapya kwa yote hayo, na anayedai anaweza hajawahi kuifanya kazi hiyo. Prawoto alikuwa na kabati la chuma lenye mafaili kumi na moja, kisha kompyuta iliyofuata mpangilio uleule. Sentensi iliyopigiwa makofi Januari ilipumzishwa, ikabadilishwa nguo kidogo, ikapanda tena jukwaani Septemba katika tarafa nyingine. Hakuna aliyewahi kulalamika. Watu wanaokaa juani wakisubiri chakula hawakumbuki walichoambiwa mwaka juzi.

Isipokuwa sentensi moja. Hiyo ilikumbukwa.

Alhamisi asubuhi alipigiwa simu kwamba kaka yake, Samijo, alianguka kando ya kisima akitawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri, na hakuinuka tena. Mazishi saa tisa siku hiyohiyo. Prawoto alikaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi. Ilikuwa miaka mitano tangu akanyage nyumba ya kaka yake, na nyumba yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa pikipiki.

Simu ya pili ilifika kabla hajavaa soksi ile. Alikuwa Bu Retnaning, mkuu wa itifaki, mama aliyeweza kutoa pole na kutoa kazi kwa pumzi moja. Alitoa pole. Akasema Bupati atakuja mazishini mwenyewe. Uchaguzi ulikuwa mwakani, wachuuzi wa soko na familia zao walikuwa kura nyingi, na jina la Samijo, kwa wema au kwa ubaya, bado lilitajwa kila kibanda.

"Ukurasa mmoja, Pak Wot," alisema; Pak ni bwana, na Wot ni Prawoto aliyefupishwa. "Dakika nne."

"Bu, huyu ni kaka yangu wa damu."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Nani mwingine anamjua?"

Prawoto alijua kupatana. Alijaribu kwanza kuomba Bupati atume shada la maua, halafu kuomba ukurasa uandikwe na kijana mpya wa ofisini, halafu akaona mama hashuki hata kidogo, akaomba kile tu ambacho asingenyimwa: pasiwe na kitu cha kuchekesha. Bu Retnaning alikubali haraka. Kuchekesha hakuna, alisema, ila cha kugusa moyo kiwepo.

*

Ile sentensi aliiandika miaka mingi nyuma, kwa ajili ya mwenyekiti mmoja wa kijiji cha milimani aliyekula saruji ya shule. Ilisema: mjue kiongozi wenu kwa paa lake, likimeta peke yake huku ya majirani yanavuja, muulizeni vigae vimetoka wapi. Siku alipoitunga aliisoma kwa sauti barazani kwa kaka yake, mama yao akisikia. Samijo alicheka mpaka akaweka chini glasi ya chai. "Hiyo itamvua mtu nguo hadharani, Dik," alisema, na Dik ndivyo alivyomwita mdogo wake tangu utotoni.

Ilimvua kweli yule mwenyekiti. Ikapumzishwa kwenye faili la saba, la wapinzani na wakorofi.

Samijo yeye aliuza nyungo, kamba na vikapu vya mianzi katika soko la zamani la Kedungmanis. Alikuwa mtu wa maneno machache na kipimo kisichodanganya, na kwa sababu hiyo wachuuzi walimfanya mwenyekiti wao. Serikali ilipotaka kuwahamishia jengo jipya nje ya mji, karibu na stendi ya mabasi, ambako mteja wa miguu hafiki, Samijo alikataa na wenzake mia tatu wakakataa nyuma yake. Mwaka mzima hakuna aliyehama.

Katika mwaka huo huo mama yao aliugua, akawa wa kitandani, nyumbani kwa Samijo. Masika ilipoanza paa likawa linavuja juu ya kitanda chake. Samijo alisogeza kitanda, maji yakamfuata. Prawoto aliposikia hakusema kitu, alikwenda kwenye tanuri la vigae, akapatana bei, akapeleka lori zima. Mama alikufa wiki tisa baadaye, chini ya paa kavu. Katika mambo yote aliyowahi kufanya, hilo ndilo Prawoto aliloliona halina doa.

Miezi miwili baada ya kumzika mama, Bupati alikuja kutangaza kwa hotuba kwamba soko la zamani litafungwa. Siku hiyo Prawoto alikuwa na hotuba tatu za kuandika kabla ya saa tano, na mbili kati ya hizo alikuwa hajazigusa. Hiyo ya soko ilikuwa imekamilika ila kitu cha kuchoma. Alifungua faili la saba, akachagua, akabandika, akapeleka. Hakumfikiria kaka yake. Hilo ndilo baadaye alishindwa kumweleza mtu yeyote: kwamba hakukusudia, na kwamba kutokukusudia kulikuwa kubaya zaidi.

Vipaza sauti viliwekwa uwanjani mbele ya soko. Bupati alipofika kwenye ile sentensi alinyamaza kidogo kabla ya neno vigae, kama alivyowekewa alama. Prawoto, akiwa nyuma ya jukwaa na nakala ya akiba mkononi, aliona vichwa vikigeuka, kimoja, kumi, mia, vyote upande mmoja. Hakuelewa. Aligeuka naye kutazama wanachokitazama. Kati ya mapaa meusi kwa kuvu, paa moja jipya, la Samijo, lilikuwa jekundu kama pilipili.

Baada ya hapo Samijo aliulizwa vigae vimetoka wapi, kwanza kwa utani, halafu si kwa utani. Hakujibu. Wenzake walikata shauri kwamba amenunuliwa, na kama mwenyekiti ameshalipwa, wao wanabaki kwa faida ya nani? Ndani ya miezi miwili walihama wote. Samijo alitandika turubai mbele ya nyumba yake mwenyewe, akapanga nyungo hapo miaka sita, kwa wapita njia, mara nyingi bila kuuza hata mmoja.

Na Prawoto? Prawoto alikuwa na kiti, na pensheni iliyobakiza miaka michache. Mwandishi anayesimama kusema maneno ya mkuu wake ni ya uongo kesho hana meza. Alijiambia jambo litapoa. Sikukuu ya Idi iliyofuata alikwenda, kama mdogo anavyopaswa, akapiga magoti mbele ya kaka yake kuomba radhi. Samijo alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu, akasema maneno yanayosemwa kila Idi. Lakini Yu Painah, mke wa Samijo, hakutoka jikoni, wala chai haikuletwa. Prawoto aliuchukua ukosefu wa ile chai kama barua ya kufukuzwa. Hakurudi tena. Ilikuwa nafuu kwake kuielewa hivyo.

*

Alifika msibani saa sita na bahasha mfukoni. Ukurasa ulikuwa tayari, na ulikuwa mzuri. Hakuwahi kuandika mzuri kama huo. Lakini hakuja kwa ajili ya ukurasa. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu wa familia husimama, huwaomba watu wamsamehe marehemu, halafu modin, mhudumu wa msikiti anayeongoza mazishi, huwauliza waliohudhuria mara tatu: huyu alikuwa mtu mwema? Nao hujibu. Prawoto alitaka kuwa ndiye anayesimama. Alitaka kusema vigae vilitoka wapi mbele ya wale wale waliogeuza vichwa, kaka yake akiwa bado juu ya ardhi, ili wakijibu mwema wawe wanajua wanajibu nini. Kitu kingine hakutaka tena hapa duniani siku hiyo, na kwa hicho alikuwa tayari kuacha na pensheni.

Yu Painah alikuwa nyuma ya nyumba akikunja sanda iliyobaki. Alikuwa amepungua, na nywele zimekuwa nyeupe zote. Prawoto alichuchumaa.

"Yu, niachie mimi niseme kwa niaba ya familia. Nitawaambia vigae vililetwa na mimi."

"Miaka sita vigae vilikuwa wapi?"

"Nilikuwa..."

"Ulikuwa kazini. Najua." Hakupandisha sauti. "Atasema Lik Gimin. Wewe keti mkekani, Dik Wot, utaletewa chai."

Gimin alikuwa jirani, muuza tofu, mtu ambaye hajawahi kuzungumza mbele ya watu wanaozidi foleni ya wateja wake. Prawoto alijaribu kuongeza bei. Alisema atatamka jina lake mwenyewe, atasema kosa ni lake, atasema na jina la Bupati ikibidi. Yu Painah alimtazama kama mtu anayetazama mali aliyowahi kuuziwa mbovu.

"Mdomo wako una mwenye nao," alisema. "Leo anakuja na magari matatu. Mimi sitaki sauti yake itoke mara mbili kwenye msiba mmoja."

Prawoto akaenda kuketi mkekani. Chai ililetwa. Ilikuwa na sukari nyingi, kama wanavyowekewa wageni.

*

Bupati alisoma vizuri. Alivuta pumzi penye mkato, akashusha sauti penye nukta. Alisema marehemu hakuwahi kupunja mteja hata upana wa uzi wa mwanzi, kwamba serikali na yeye walitofautiana kama ndugu wanavyotofautiana mezani, kwamba wilaya imempoteza mtu asiyejua kuinama ila kwenye sala. Wanawake walijifuta macho. Hata Prawoto, anayejua kila ubao ulipopigiliwa, alijifuta yake pale penye sala.

Halafu Lik Gimin akasimama, akashika kipaza sauti kama anashika samaki. "Kang Jo, kaka yetu Samijo, kama amewakosea, msameheni," alisema. "Mimi hakunikosea. Basi." Akaketi akitokwa na jasho.

Modin alikuwa ameshafungua kinywa kuuliza lile swali. Prawoto akainuka. Hakumtazama Yu Painah. Kwa miaka ishirini na mitatu hajawahi kushika kipaza sauti kikiwa kimewashwa, na sauti yake ilipotoka aliisikia nyembamba, kama ya mtu wa pembeni.

Alisema yeye ni mdogo wa marehemu. Alisema vigae vilivyoko juu ya vichwa vyao alivinunua yeye, lori lilikuwa la kijani, dereva mzee Kasdu wa tanurini, na viliwekwa kwa sababu maji yalikuwa yakimdondokea mama yao kitandani. Alisema sentensi ile ya paa aliiandika yeye kwa ajili ya mtu mwingine, mwaka mwingine, na akaibandika kwa haraka bila kufikiri. Alisema kaka yake hakupokea kitu kwa mtu. Halafu akamalizia:

"Alishinda na njaa mbele ya nyumba hii, mkimpita. Mwenye kosa ndiye huyu anayezungumza."

Pakawa kimya. Kilikuwa kimya kizuri, cha aina ambayo yeye mwenyewe huwawekea wakubwa kwenye karatasi kwa mistari miwili ya penseli. Akainua macho. Bu Retnaning alikuwa anatikisa kichwa polepole kwa kukubali, kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta chumvi imekaa. Bupati naye ametulia, mikono ameifumbata mbele, uso wa mtu anayesikiliza kipengele kinachofuata kwenye ratiba. Na wachuuzi walikuwa wanamtazama Bupati, si yeye. Hapo ndipo Prawoto alipojisikia anavyosema. Alikuwa amepanda hatua tatu na kushuka kwa sentensi fupi, vilevile kama ukurasa uliosomwa dakika tano kabla, vilevile kama kila ukurasa. Hakuwa na namna nyingine ya kusema. Aliizoea mno hiyo.

Modin akauliza kama marehemu alikuwa mtu mwema. Wakajibu, mwema. Akauliza tena, wakajibu, mwema. Mara ya tatu vilevile, kwa sauti ileile wanayomjibia kila maiti. Mwaka uliopita walimjibia hivyohivyo mwizi wa kuku.

Jeneza liliponyanyuliwa, Pak Darmaji, muuza viungo, aliyekuwa wa kwanza kuhamia soko jipya, alijipenyeza hadi kando yake akambana mkono.

"Imetoka vizuri sana, Pak. Hasa pale pa kitanda cha mama."

"Ni kweli, Pak Darmaji. Ndivyo ilivyokuwa."

"Sijakataa." Mzee alitabasamu kwa heshima. "Bupati ana akili. Anasafisha nyumba kabla ya kura, na fagio amelituma la humuhumu ndani. Nilisema siku ile vigae vimetoka kwa Bupati, wakanibishia. Leo umewaonyesha na njia viliyopitia: kwako, mdogo mtu wa ofisini."

Akasogea mbele kwenda kupokezana jeneza.

Prawoto alitembea nyuma ya kaka yake hadi makaburini. Njia nzima alisikia mnong'ono ukipita kati ya watu kwa furaha ndogo ya watu waliopata uhakika wa jambo la siku nyingi. Alikuja kumtoa Samijo shimoni, na kumbe alikuja na udongo.

*

Ijumaa alikwenda kazini kwa sababu hakujua pa kwenda. Bu Retnaning alimpa pole tena, akamwambia Bupati amefurahi, halafu akamwomba aichape ile aliyoisema mwishoni, iingie kwenye faili la misiba. Prawoto akasema haikumbuki.

"Ulisema bila karatasi?" Mama alimtazama kwa heshima mpya. "Miaka yote hii tunakuficha nyuma ya jukwaa."

Jumamosi ilikuwa kisomo cha siku ya tatu. Alikwenda baada ya magharibi, akaketi karibu na mlango, akaitikia dua. Ilipoisha, wageni walianza kuinuka na watu wa nyumbani wakaelekea nyuma, ambako mikeka ilitandikwa na sufuria zilikuwa bado jikoni. Yu Painah alimkuta kizingitini.

"Nataka ujue kitu, halafu usiniulize zaidi," alisema. "Siku ile ya hotuba alirudi akaniambia, hiyo sentensi ni ya Wot, aliisoma hapa barazani mama akisikia, nilicheka mimi mwenyewe. Nikamwambia basi toka ukawaambie. Akasema nikisema, kesho Wot hana kazi, na ana watoto wawili shuleni."

Prawoto alishika mwimo wa mlango.

"Nikamwambia, na sisi? Akasema sisi tuna nyungo."

Alisema hilo bila kulia, kama mtu anayesoma alichosoma mara nyingi. Prawoto alifungua kinywa. Maneno yalikuja, mengi, yamejipanga safi kama askari, na akaona ya kwanza ni lipi na ya mwisho ni lipi na mahali pa kunyamaza ni wapi. Akafunga kinywa.

"Yeye alikusamehe kabla hujaja kupiga magoti," Yu Painah alisema. "Ile chai niliizuia mimi. Yeye aliniomba niipeleke."

Nyuma yake msichana wa jirani alikuwa akigawa maboksi ya chakula kwa wanaoondoka, kila mgeni lake: wali, kuku kipande, yai, tambi, na ndizi juu. Ndivyo kila nyumba ya msiba inavyofanya. Mgeni hupewa boksi akaenda zake. Ndugu hubaki, hula nyuma kwa mikono, huosha vyombo. Kutoka nyuma alisikia sauti za watoto wa Samijo na ya Lik Gimin, na mtu akiuliza chumvi iko wapi.

Yu Painah alichukua boksi moja, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu yote.

"Asante kwa kuja, Pak Prawoto," alisema. Hakusema Dik.

Akalipokea kwa mikono miwili. Aliliweka kwenye kikapu cha pikipiki, akaendesha polepole ndizi isianguke. Nyumbani aliliweka mezani, akakaa bila kuvua koti. Mkewe alikuja kumuuliza kama ameshakula na wenzake huko. Aliliona boksi, swali likaishia mdomoni. Akaenda kutafuta kawa, akalifunika.